Mwokoaji wa Kwanza ni Jirani
Mwongozo wa wananchi kujiandaa na kujitolea wakati wa maafa

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilianguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Wavuvi waliokuwa karibu waliwahi kufika na mitumbwi yao. Kati ya watu 43 waliokuwamo ndegeni, 24 walinusurika. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba, tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliporomokea mji wa Katesh na vijiji jirani, yakaua zaidi ya watu 80.

Maafa hayasubiri magari ya uokoaji yafike. Dakika za mwanzo huwa mikononi mwa aliye karibu, na moyo wa kusaidia tunao. Kinachotakiwa ni kuuandaa mapema.

Nyumbani

- Weka mfuko wa dharura mahali panapofikika: tochi, maji ya kunywa, dawa za wanaozitumia kila siku, kitambulisho cha NIDA, vyeti na kadi za kliniki za watoto. Nyaraka zifunge kwenye nailoni.
- Kubalianeni mtakutana wapi mkitawanyika.
- Fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukisikia "tahadhari kubwa", usingoje maji yafike mlangoni. Hamia mahali pa juu.

Mtaani na kijijini

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Muulize mwenyekiti wako kamati hiyo ina nani na ilikutana lini. Kama imelala, iamsheni kwenye mkutano wa hadhara.

Kazi yake ya kwanza iwe kuorodhesha wazee wanaoishi peke yao, watu wenye ulemavu, wajawazito na wagonjwa, na kumpangia kila mmoja jirani wa kumtoa. Orodha hiyo itunzwe kwa siri na ihuishwe kila mara kabla ya masika na vuli.

Una nini cha kutoa?

Mwenye bodaboda hupeleka taarifa. Mvuvi ana mtumbwi na anajua kuogelea. Fundi anajua kuzima umeme wa jengo. Muuguzi mstaafu anafunga jeraha, na mama lishe anapikia watu wengi kwa wakati mmoja. Jiandikishe kwa mwenyekiti, kisha uliza tawi la Chama cha Msalaba Mwekundu lililo karibu kuhusu mafunzo ya huduma ya kwanza.

Maafa yakitokea

- Piga simu: polisi 112, zimamoto na uokoaji 114. Taja mahali na idadi ya majeruhi.
- Usivuke maji yaendayo kasi, hata yakiwa ya magotini. Usiingie jengo linalopasuka.
- Anayetoka damu nyingi, bana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia.
- Aliyepoteza fahamu lakini anapumua, mlaze ubavu. Usimnyweshe chochote.
- Usisambaze picha za marehemu wala habari usizozithibitisha.

Baada ya mafuriko

Chemsheni maji ya kunywa, kwa kuwa vyoo vilivyofurika huleta kipindupindu. Watembeleeni waliofiwa na walio kambini hata baada ya misaada kupungua.

Wiki hii fanya mambo mawili: andaa mfuko wa dharura, na nenda ofisi ya mtaa au kijiji ukaandikishe jina lako.