MIONZI YA TIBA HUPIGIWA HESABU KWANZA

Mgonjwa wa saratani akipewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, nyumbani hutazamia aanze mionzi siku ile ile. Akifika hupigwa picha za CT, huchorwa alama mwilini, kisha hupewa tarehe ya kurudi. Wengine hukata tamaa wakarudi kijijini. Uvimbe haungoji. Tuone basi siku hizo ni za nini.

Mionzi mwilini
Mashine hutoa fotoni, yaani chembe za nishati kama zile za eksirei, ila zenye nguvu zaidi. Zikiingia mwilini, nyingine hupenya, nyingine hugonga na kugeuza njia, nyingine huishia humo. Mfupa huzizuia kuliko pafu lenye hewa. Katika saratani ya shingo ya kizazi, kibofu na utumbo viko jirani kabisa. Dozi ikipungua, saratani hubaki. Ikizidi, viungo hivyo huumia.

Hesabu yenyewe
Mama apetapo uwele, hawezi kusema kapi moja litaangukia wapi, lakini anajua makapi yote yatalundikana upande gani. Hesabu hii ni ya namna hiyo. Mwaka 1946 nchini Marekani, mwanahisabati Stanislaw Ulam, akipata nafuu baada ya kuugua, alikuwa akicheza karata peke yake. Akaona kuwa kucheza mara nyingi na kuhesabu matokeo ni rahisi kuliko kukokotoa nafasi ya kushinda. Yeye na John von Neumann wakaitumia njia hiyo kufuatilia nyutroni kwa kompyuta, ikaitwa Monte Carlo. Kompyuta hufuata chembe moja moja, mamilioni, na kila inapogonga hupigiwa kura iende wapi. Jumla yake huonyesha dozi itakayofika kila mahali. Baadhi ya programu za hospitali hutumia njia hii. Nyingine hutumia njia za mkato. Mashine zenye nguvu kubwa sana hutoa pia nyutroni kidogo, hivyo hata kuta na mlango wa chumba hupigiwa hesabu.

Yatupasayo
1. Alama zisisuguliwe. Zikififia, mwambie mhudumu, usizichore mwenyewe.
2. Mgonjwa atulie kitandani kama alivyolazwa siku ya picha, na afuate maelekezo ya kujaza kibofu. Akikaa vingine, hesabu haimfai tena.
3. Asikatishe tiba kwa sababu amepata nafuu. Mara nyingi ni siku 5 kwa juma, kwa majuma kadhaa.
4. Mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini. Anaweza kumpakata mtoto na kula na wenzake.
5. Kabla ya safari, familia ipange nauli, chakula na mahali pa kulala kwa muda wote, pamoja na zile siku za kusubiri.