Safari ya Baiskeli Hadi Jozani

SWALI: Chama chetu cha waendesha baiskeli hapa mjini Unguja kimeazimia kwenda Jozani na kurejea siku moja, ilhali miongoni mwetu wamo vijana wepesi na watu wa makamo. Tufanyeje tusitawanyike njiani?

JIBU: Ndugu muulizaji, mwendo wa kundi sharti upimwe kwa aliye dhaifu, wala si kwa aliye hodari, na kwa kuwa aendeshaye nyuma ya mwenziwe husitirika na upepo akapungukiwa na taabu, vijana hao, badala ya kutimka mbele ili waonekane na watu wa Tunguu, na wapokezane zamu ya kuongoza, wazito wakiwafuata, na mmoja mwenye pampu, tyubu na viraka akae mwisho kabisa, asiachwe mtu nyuma yake. Masafa ya kwenda ni takriban kilomita 35, na maadam kusi ndilo livumalo miezi hii, mtalikabili asubuhi mngali na nguvu, kisha litawaauni kurudi. Ondokeni alfajiri, kabla daladala hazijazidi. Barabarani shikeni safu moja, upande wa kushoto.

Mkikaribia msitu punguzeni mwendo, kwani kima punju, mnyama ambaye asili yake ni kisiwa hiki peke yake, huvuka njia bila ya kutazama wala kuomba radhi. Maji chukueni ya kutosha. Madafu ya njiani ni matamu, illa msiyategemee.