Kutofautisha Ioni za Zinki, Alumini na Risasi

Ukitia matone ya haidroksidi ya sodiamu, ioni zote tatu hutoa mashapo meupe, na ukizidisha, mashapo hayo huyeyuka. Usikate shauri hapo.

Hatua ya 1: Chukua sampuli mpya, tia myeyusho wa amonia tone kwa tone hadi uzidi. Mashapo yakiyeyuka, ni zinki. Yasipoyeyuka, ni alumini au risasi.

Hatua ya 2: Kwenye sampuli nyingine tia iodidi ya potasiamu. Mashapo ya manjano yanaonesha risasi. Yasipotokea, ni alumini.

Angalizo: Ukimimina amonia nyingi kwa mara moja, mashapo ya zinki yatayeyuka kabla hujayaona, nawe utaandika "hakuna mabadiliko" na kupoteza alama. Andika kwanza ulichokiona, kisha taja ioni.