Kifua Kikuu: Kinga Inapolinda na Kinga Inapounguza

Mtu anayeanza kuugua kifua kikuu hukohoa wiki baada ya wiki, homa humpanda jioni, huamka usiku shuka zimelowa jasho, na nguo zake huanza kupwaya. Tumezoea kusema kwamba vijidudu vinamla. Kuna ukweli hapo, ila hautoshi. Bakteria wa kifua kikuu hawamwagi mwilini sumu kali kama ile ya pepopunda au dondakoo. Homa, jasho, kukonda, hata mashimo yanayochimbika mapafuni, kwa sehemu kubwa ni kazi ya mwili wenyewe: kazi ya protini ndogo ambazo seli za kinga hutoa ili kuitana, kuchochea na kutulizana. Protini hizo huitwa saitokini.

Somo hili linamhusu kila mtu, si wataalamu wa maabara peke yao. Ukilijua utaelewa kwa nini mtu aliyebeba vimelea kwa miaka mingi bila kuugua anaweza kuangushwa na dawa ya baridi yabisi, kwa nini mgonjwa mwenye VVU huweza kuonekana amezidiwa wiki chache baada ya kuanza ARV, na kwa nini vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa siri mitaani vinaua.

Vimelea hufungwaje

Mgonjwa akikohoa, matone madogo mno hubaki yakielea hewani. Anayeyavuta huyapeleka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na huko bakteria humezwa na seli kubwa za ulinzi ziitwazo makrofaji. Bakteria wengine wakimezwa husagwa. Wa kifua kikuu huzuia makrofaji isiwamwagie tindikali ya kuwasaga, wakaishi ndani yake na kuzaana humo humo.

Makrofaji iliyoshindwa huomba msaada. Hutoa saitokini iitwayo intalukini 12, ambayo huziamsha seli za kinga aina ya CD4. Hizi hufika baada ya wiki kadhaa zikiwa na jibu lake, intaferoni gama, protini inayoipa makrofaji nguvu ya kuwasaga bakteria iliyowameza. Saitokini ya tatu, TNF, huwakusanya walinzi na kuwashikilia mahali pamoja mpaka watengeneze kifundo kidogo cha seli kiitwacho granuloma, bakteria wakiwa katikati. Granuloma ni kama boma la miiba: lisipokarabatiwa kila siku, aliyefungwa ndani hutoka. TNF ndiyo inayolikarabati.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kiasi cha robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria hawa. Kati yao, ni asilimia 5 hadi 10 tu watakaougua katika maisha yao yote. Wengine hawakohoi, hawaambukizi mtu, na hawajui kama wamebeba chochote. Hiyo ni kazi kubwa ya kinga ambayo hatuioni na kwa hiyo hatuishukuru.

Umuhimu wa saitokini hizi ulidhihirika kwa watoto wachache waliozaliwa na kasoro. Mwaka 1996 watafiti walieleza habari za watoto wa Malta na wa Tunisia waliokosa kipokezi cha intaferoni gama, yaani seli zao hazikuweza kupokea amri yake. Walizidiwa na bakteria wa mazingira wasiomdhuru mtu wa kawaida, au na chanjo yenyewe ya BCG. Kasoro hiyo ni adimu sana na haimpi mzazi sababu ya kukwepa BCG, kwa kuwa chanjo hii ndiyo inayowakinga watoto wachanga na kifua kikuu cha ubongo na kile kinachosambaa mwili mzima. Ila kovu la BCG begani halimaanishi kwamba mtu mzima hawezi kuugua kifua kikuu. Anaweza.

Homa, jasho na kukonda

TNF ilipewa jina hilo mwaka 1975 na watafiti wa New York waliokuwa wakichunguza protini inayofisha uvimbe wa saratani katika panya. Katika jiji hilo hilo, Anthony Cerami alikuwa na swali tofauti kabisa: kwa nini wanyama walioambukizwa vimelea vinavyosambazwa na mbung'o hukonda mpaka kufa, hata kama vimelea vyenyewe ni vichache? Aliikuta protini ya kukondesha inayotolewa na makrofaji. Mwaka 1985 yeye na Bruce Beutler walionyesha kwamba protini yao na TNF ni kitu kimoja. Kwa mfugaji wa Afrika Mashariki anayeijua nagana, ugonjwa wa mifugo uletwao na mbung'o, na kwa mtu aliyemuuguza ndugu mwenye kifua kikuu, ugunduzi huo unaeleza jambo moja: mwili unaopigana kwa muda mrefu huyeyusha mafuta na misuli yake na kupoteza hamu ya kula, kwa amri ya protini zilizotolewa kuulinda.

Homa nayo hupita njia hiyo. TNF, intalukini 1 na intalukini 6 hupeleka ishara kwenye sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili, na kemikali iitwayo prostaglandini hupandisha kiwango. Mtu hutetemeka. Kiwango kikishuka usiku, mwili hupunguza joto kwa kutoa jasho. Parasetamoli huzuia prostaglandini, kwa hiyo homa hutulia, lakini bakteria haiwagusi. Homa inayotulia kwa parasetamoli na kurudi kila jioni kwa wiki kadhaa inadai kipimo, haidai pakiti nyingine ya vidonge.

Intalukini 6 huliamuru pia ini litengeneze protini iitwayo CRP, ambayo hupimwa kwa tone la damu. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limependekeza kipimo hicho kitumike kuwachuja wenye VVU: kikizidi miligramu 5 kwa lita, mgonjwa achunguzwe zaidi. CRP haisemi ni kifua kikuu. Inasema mwili uko vitani.

Palipo na vita virefu, panaharibika. Seli zilizochochewa kupita kiasi hutoa vimeng'enya vinavyokata nyuzi zinazoshikilia pafu, na shimo hutokea. Ndani ya shimo bakteria hupata hewa tele na huzaana kwa wingi, kisha hutoka kwa kikohozi hadi kwa jirani. Kuna waliopona kabisa, vijidudu vimekwisha, lakini hubaki na pumzi fupi kwa sababu ya makovu hayo. Hawa wasirudishiwe dawa za kifua kikuu kwa kukisia, wapimwe kwanza.

Na hapa nieleze kosa linalogharimu maisha. Mgonjwa akianza dawa, bakteria wanaozaana haraka hufa mapema, saitokini hupungua, homa hukata, na njaa hurudi. Baada ya wiki chache anajiona mzima. Waliobaki ni wale wavivu wa kuzaana, wanaojificha na wasiochochea kinga sana, na hao ndio wanaohitaji muda kuuawa. Dozi ya kawaida ni miezi 6. Kujisikia vizuri katika mwezi wa pili kunaonyesha kwamba moto umepungua tu, na anayeacha dawa hapo huweza kurudi hospitalini na bakteria sugu.

Dawa zinazozima kinga

Kuna magonjwa ambayo kinga huushambulia mwili bila adui, kama baridi yabisi ya kinga na ugonjwa wa utumbo wa Crohn. Madaktari waliona TNF ikiwa nyingi katika viungo na matumbo ya wagonjwa hao, wakatengeneza kingamwili za kuinasa. Infliximab iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na watu waliokuwa hawawezi kushika kikombe walirudi kazini. Mwaka 2001 ikachapishwa taarifa ya wagonjwa 70 waliougua kifua kikuu baada ya kuanza dawa hiyo. Wengi wao waliugua baada ya kudungwa mara tatu au chini ya hapo, na kwa zaidi ya nusu ugonjwa ulikuwa nje ya mapafu. Boma lilikuwa limekosa mkarabati. Tangu hapo kanuni ni moja: kabla ya dawa ya kuzuia TNF, mgonjwa hupimwa maambukizi yaliyolala, kwa sindano ya ngozi inayosomwa baada ya saa 48 hadi 72 au kwa kipimo cha damu kinachoangalia kama seli zake hutoa intaferoni gama zikionyeshwa protini za bakteria. Akikutwa nayo, hupewa dawa za kuzuia kwanza.

Dawa hizo ni ghali na wengi wetu hatutaziona. Steroidi tunaziona kila siku. Prednisoloni na deksamethasoni huzima saitokini nyingi kwa pamoja, na zikitumiwa kwa kipimo huokoa. Mwaka 2020 jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliohitaji oksijeni, lakini wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Dawa ile ile, ugonjwa ule ule, tofauti ni hatua ya ugonjwa.

Sasa fikiria msichana anayenunua vidonge bila jina ili anenepe, na ndani yake mna deksamethasoni. Mashavu yatajaa, ndiyo. Sukari ya damu itapanda, mifupa italegea, na kama amebeba bakteria waliolala, walinzi wao watanyamazishwa. Anayetumia vidonge hivyo kwa muda mrefu asivikatishe ghafla pia, kwa sababu tezi zake huwa zimeacha kutengeneza homoni inayomweka hai. Aende kwa daktari apunguziwe taratibu, na aseme ukweli wote. Wauzaji wa vidonge hivyo wanajua wanachouza, na nchi zetu zimewavumilia mno.

Kinga ikirudi ghafla

VVU huua seli za CD4, na pamoja nazo hupotea chanzo kikubwa cha intaferoni gama. Ndiyo maana kifua kikuu ni muuaji mkuu wa wenye VVU: kati ya watu milioni 1.25 waliokufa kwa kifua kikuu mwaka 2023, 161,000 walikuwa na VVU. Kwao dalili huweza kupotosha. Pafu linaweza kukosa shimo na makohozi yakawa na bakteria wachache, kwa kuwa kinga dhaifu haina nguvu ya kuharibu. Kwa mtu mwenye VVU, kikohozi cha siku yoyote ni sababu ya kupimwa.

Akianza dawa za kifua kikuu na kisha ARV, seli zake hurudi na kukuta mwili umejaa mabaki ya bakteria. Saitokini hufurika. Tezi za shingo huvimba, homa hurudi, kifua hubana, na ndugu husema ARV zimemdhuru. Hali hii huitwa IRIS. Kwa wengi hupita, na kwa wenye kinga ya chini sana daktari anaweza kuizuia: jaribio la Cape Town lililochapishwa mwaka 2018 lilionyesha kwamba steroidi iitwayo prednisoni, ikitumiwa wiki 4, ilipunguza wanaopata IRIS kutoka karibu asilimia 47 hadi asilimia 33. Hapo steroidi iko mikononi mwa anayejua, dawa za kifua kikuu zikiwa zinaendelea. Jambo la mgonjwa ni moja: asiache ARV, arudi kliniki siku hiyo hiyo. Mwenye dalili za homa ya uti wa mgongo huanzishiwa ARV kwa ratiba tofauti, kwa sababu ubongo hauna nafasi ya kuvimba.

Kuhusu "kuongeza kinga"

Redioni na mitandaoni husikika unga, majani na matone ya kuongeza kinga. Baada ya yote haya msomaji ajiulize: kinga ipi iongezwe? Anayechimbika mapafu ana TNF ya kutosha na zaidi. Kinga hutaka kiasi, na yanayoiweka katika kiasi yanajulikana. Chakula cha kutosha ni la kwanza: katika jimbo la Jharkhand, India, familia za wagonjwa zilizopewa nyongeza ya chakula zilipata kifua kikuu kwa asilimia 39 chini ya zile ambazo hazikupewa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023. Mengine ni ARV zinazomezwa bila kukosa, kisukari kinachodhibitiwa, kuacha sigara, na dawa za kuzuia kifua kikuu kwa wenye VVU na kwa watoto wanaoishi na mgonjwa.

Ukikohoa wiki 2 au zaidi, ukipata homa za jioni, jasho la usiku au ukikonda bila sababu, usianzie duka la dawa. Nenda kituo cha afya ukatoe makohozi. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa muda wa saa 2 hivi na huonyesha kama bakteria ni sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za kifua kikuu. Kabla ya kupewa steroidi au dawa yoyote ya kutuliza kinga, mwambie daktari kama umewahi kuugua kifua kikuu au umeishi na mgonjwa, hata kama ni zamani. Katika vituo vya serikali vya Tanzania na Kenya, kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure.