Kuvuta Trela kwa Gari Dogo: Mzigo Umekaa Wapi?

Msimu wa viazi unapofika, pikapu na magari ya nyumbani yanayovuta trela huongezeka kwenye barabara za kaunti yetu, kuanzia Molo na Mau Narok hadi sokoni. Dereva hukagua tairi na taa za gari, akasahau kutazama mzigo umekaa wapi ndani ya trela.

Magunia mengi yakiwa nyuma ya ekseli, mkia wa trela hulemea chini na ndoano ya gari huinuliwa. Tairi za nyuma za gari hupoteza mshiko. Ukifika kwenye mteremko kama ule wa Salgaa, au lori likikupita kwa kasi, trela huanza kuyumba, na kila yumbo huwa kubwa kuliko lililotangulia.

Kwa hivyo weka vitu vizito chini, juu ya ekseli na mbele yake kidogo, kisha funga kwa kamba. Takriban asilimia 10 ya uzito wote iegemee ndoano. Trela tupu ya kilo 300 ikibeba magunia 14 ya kilo 50, jumla ni kilo 1,000, na ndoano itabeba kama kilo 100. Soma kitabu cha gari lako. Kama ndoano hairuhusiwi uzito huo, punguza magunia, usiyasukume nyuma. Angalia pia uzito ambao gari linaruhusiwa kuvuta. Hupungua sana ikiwa trela haina breki zake.

Tangi la maji limewadanganya wengi. Lita 1,000 ni tani moja, na likiwa nusu, maji hukimbia mbele na nyuma kila unapofunga breki. Lisafirishwe tupu au limejaa.

Kabla ya kuondoka, pitisha minyororo miwili ya usalama kwa kupishana chini ya mkono wa trela, ili uudake ukichomoka. Jaribu taa na indiketa za trela. Nambari yake ya usajili, ile inayoanza kwa Z, ionekane. Mtu asikae juu ya magunia, hata kama soko ni pale tu.

Barabarani, acha nafasi kubwa mbele yako na ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka. Trela ikiyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala kushindana nayo kwa usukani. Wapo wanaoshauri kuongeza mwendo ili inyooke, usiwasikilize. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara ukielekea mbele, na ungoje mwendo upungue. Kisha egesha mahali salama upange magunia upya.

Baada ya kilomita chache za kwanza, simama tena ukaze kamba na nati za magurudumu. Magunia ya viazi hujipanga upya yakitikiswa, na kamba iliyokuwa imekaza nyumbani huwa imelegea.