SOMO KWA MADEREVA: Uchaguzi wa Matairi ya Gari la Umeme kwa Majira Yote ya Kanda ya Ziwa

Magari yanayoendeshwa kwa nguvu ya umeme yameanza kuonekana katika barabara za Tanzania. Mengi ni pikipiki na bajaji, na machache ni magari madogo yaliyokwisha kutumika, yanayoagizwa kutoka Japani, kama vile Nissan Leaf. Gari la aina hii halihitaji oili ya injini wala plagi. Kwa hiyo matairi ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo mmiliki wake atalazimika kuvinunua tena na tena. Madhumuni ya somo hili ni kuwaeleza watumishi na wakazi wa Mwanza, pamoja na visiwa na mwambao wa Ziwa Victoria, namna ya kuchagua tairi litakalofaa wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, na litakalouhimili uzito wa gari hilo.

Maana ya "majira yote"

Maneno "majira yote" yanayoandikwa kwenye matairi yalizaliwa katika nchi za baridi. Mwaka 1934 kiwanda kimoja nchini Finland kilitengeneza tairi la kwanza lililobuniwa kwa ajili ya theluji. Mwaka 1977 kampuni ya Goodyear ya Marekani ilitoa tairi lililoitwa Tiempo, lililokusudiwa kutumika mwaka mzima ili mwenye gari asilazimike kubadilisha matairi kila msimu wa baridi unapoingia. Mwaka 1999 ilianzishwa alama ya mlima wenye vilele 3 na chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo huthibitisha kwamba tairi limepimwa na kufaulu juu ya theluji.

Inafaa ifahamike wazi kuwa alama hiyo haisemi lolote kuhusu mvua ya masika, vumbi la Agosti au jua la saa nane mchana. Tanzania inayo theluji kileleni mwa Kilimanjaro, lakini hakuna barabara ya gari inayopita huko. Mwanza ina mvua za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na kiangazi kikali kuanzia Juni hadi Septemba. Joto la mchana hukaribia nyuzi 30 katika miezi mingi ya mwaka. Kwa mkazi wa huku, basi, tairi la majira yote ni lile linaloshika barabara yenye maji, lisilolainika kwa joto, na lenye ubavu imara wa kustahimili changarawe.

Hatari ya matairi ya theluji kutoka Japani

Baadhi ya magari yanayoagizwa kutoka Japani hufika bandarini yakiwa na matairi ya theluji. Matairi hayo hutambulika kwa neno "STUDLESS" lililochorwa ubavuni. Uso wake una mikato mingi myembamba iliyokaribiana, na mara nyingi herufi yake ya kasi ni Q, yaani mwisho wa kilomita 160 kwa saa. Mpira wake umechanganywa uwe laini ili ufanye kazi katika baridi ya chini ya nyuzi 7.

Katika joto la Mwanza mpira huo hulainika kupita kiasi. Huisha upesi, hutikisika katika kona, na huhitaji umbali mrefu zaidi kusimamisha gari kwenye lami yenye maji. Mnunuzi huweza kudanganyika kwa sababu tairi lenyewe huonekana jipya na lenye kashata nzito. Mwenye gari aliyeletewa matairi ya namna hii anashauriwa kuyabadilisha kabla ya mvua kuanza, hata kama hayajachakaa.

Uzito wa gari na uwezo wa tairi

Betri ya gari la umeme ni nzito. Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40 ina uzito wa takribani kilo 1,500 hadi 1,600 kabla ya abiria kuingia, na kwa hiyo huzidi magari mengi ya petroli ya ukubwa wake kwa kilo 200 au zaidi. Uzito huo wote hubebwa na matairi 4.

Uwezo wa tairi umeandikwa ubavuni. Tuchukue mfano wa maandishi 205/55 R16 91V. Namba 205 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 55 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo. Namba 16 ni kipimo cha rimu kwa inchi. Namba 91 ni fahirisi ya mzigo, na herufi V ni fahirisi ya kasi. Fahirisi ya 91 humaanisha kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 615. Ya 94 ni kilo 670. Ya 98 ni kilo 750.

Hapa ndipo kosa la gharama kubwa linapofanyika. Gari lililotengenezwa kwa matairi ya 94 likifungwa matairi ya 91 ya ukubwa uleule, yataingia kwenye rimu bila tatizo lolote na dereva hataona tofauti yoyote akiwa dukani. Lakini uwezo wa matairi yote 4 umeshuka kutoka kilo 2,680 hadi kilo 2,460. Kilo 220 zilizopotea ni sawa na watu wazima 3. Tairi lililozidiwa mzigo hupata joto, na tairi lenye joto kali linaweza kupasuka likiwa katika mwendo. Kwa hiyo fahirisi ya tairi jipya isipungue ile iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva au katika kitabu cha gari.

Herufi XL humaanisha tairi lililoimarishwa ili libebe mzigo mkubwa zaidi. Uwezo huo wa ziada hupatikana pale tu tairi linapojazwa upepo wa kutosha. Kufunga tairi la XL na kulijaza upepo mdogo ni kulipia nguvu ambayo gari haliipati.

Mvua, kashata na upepo

Kazi ya mifereji ya tairi ni kuyatoa maji yaliyo kati ya mpira na lami. Maji yakizidi uwezo wa mifereji, tairi huelea juu yake, na hapo usukani na breki huwa havina kazi. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa NASA nchini Marekani, walipokuwa wakichunguza matairi ya ndege, walionyesha kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea hutegemea sana kiasi cha upepo uliomo ndani yake. Kwa kanuni yao, juu ya maji yaliyozidi kina cha mifereji, tairi lenye upepo wa pauni 33 huweza kuanza kuelea kwenye mwendo wa kilomita 95 kwa saa hivi, na lenye pauni 22 kwenye kilomita 78 hivi. Dereva aliyeacha upepo upungue amejishushia mwenyewe kiwango cha usalama wake.

Jambo hili lina uzito mpya tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3. Mahali ambapo zamani magari yalivuka kwa kivuko, sasa yanapita kwa mwendo wa barabara kuu, huku upepo na mvua ya ziwani vikipiga kutoka ubavuni.

Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vinavyoonyesha kina cha milimita 1.6. Kashata zikilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha. Hata hivyo, uwezo wa kutoa maji huanza kupungua mapema. Inashauriwa tairi libadilishwe linapofikia milimita 3, na hasa lisingojee masika likiwa katika hali hiyo.

Matairi mengi yana neno "TRACTION" ubavuni likifuatwa na herufi AA, A, B au C. Hicho ni kipimo cha Marekani cha tairi kushika barabara yenye maji linapofungwa breki. Neno "TEMPERATURE" lenye herufi A, B au C ni kipimo cha kustahimili joto. Matairi ya soko la Ulaya huja na kibandiko chenye daraja A hadi E kwa ajili ya lami yenye maji. Kwa mazingira ya Mwanza herufi hizi zina manufaa kuliko alama ya theluji.

Tabia ya mota ya umeme

Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote tangu gari linapoanza kuondoka. Gari pia hupunguza mwendo kwa kurejesha umeme kwenye betri, na katika Nissan Leaf kazi hizo zote mbili hufanywa na magurudumu ya mbele. Matokeo yake ni kwamba matairi ya mbele huisha haraka zaidi. Matairi yabadilishane nafasi kati ya mbele na nyuma kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000. Katika miteremko ya Mwanza, kama ile ya kilima cha Bugando, dereva anashauriwa kukanyaga na kuachia pedali taratibu mvua inaponyesha, kwa sababu kuachia ghafla ni sawa na kufunga breki za mbele.

Barabara za changarawe, tope na pancha

Nje ya lami, hakuna tairi la gari dogo litakalolishinda tope jeusi la mbugani. Tairi lenye kashata kubwa za shambani huongeza kelele na hutumia umeme mwingi, hivyo hupunguza umbali ambao betri inaweza kulifikisha gari. Kwa anayetumia lami siku nyingi, tairi la barabara lenye ubavu imara linatosha, na safari ya njia ya mbugani isubiri njia ikauke.

Magari mengi ya umeme hayana tairi la akiba. Badala yake hubeba chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo. Dawa hiyo huziba tundu dogo la msumari, lakini haizibi ubavu uliochanika kwa jiwe. Anayesafiri kutoka Mwanza kwenda Nansio kwa njia ya Bunda, akivuka maji kati ya Kisorya na Rugezi, hana budi kufikiria jambo hili kabla ya kuondoka na, ikiwezekana, kubeba tairi la akiba kwenye buti. Aidha, baadhi ya matairi ya magari ya umeme yana sponji ndani ya kupunguza kelele, na fundi pancha aelezwe mapema ili aiondoe mahali pa tundu kabla ya kubandika kiraka.

Tahadhari kubwa kuliko zote ni ya jeki. Betri ya gari la umeme imelazwa chini ya sakafu. Jeki iwekwe tu katika sehemu zilizoonyeshwa kwenye kitabu cha gari, pembezoni mwa mwili wa gari. Kuiweka katikati ya sakafu huweza kuibonyeza betri, na betri iliyobonyea huweza kuwaka moto. Mwenye gari asimwache fundi peke yake bila kumwonyesha sehemu hizo.

Umri wa tairi

Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu 4. Tarakimu 3524, kwa mfano, humaanisha wiki ya 35 ya mwaka 2024. Tairi linaweza kuzeeka likiwa dukani bila kugusa barabara. Lililofikisha miaka 6 likaguliwe na fundi kila mwaka, na lililofikisha miaka 10 liondolewe hata kama kashata zake zingali nzito.

Kwa ofisi za umma

Ofisi inayoandaa maombi ya kununua matairi ikiandika ukubwa peke yake, itapokea tairi la bei ya chini kabisa lenye ukubwa huo, na haitakuwa na sababu ya kulikataa. Sifa ziandikwe kwa ukamilifu. Kwa gari linalotumia ukubwa uliotajwa hapo juu, maombi yaweza kusomeka hivi: "205/55 R16, fahirisi ya mzigo isiyopungua 91, fahirisi ya kasi isiyopungua V, TRACTION A au AA, ama daraja B au zaidi katika kibandiko cha Ulaya, TEMPERATURE A, lisiwe la theluji, lisizidi mwaka 1 tangu kutengenezwa siku ya kupokelewa." Mpokeaji wa mzigo naye asome ubavu wa kila tairi kabla ya kutia saini, kwa kuwa matairi 4 huweza kutoka dukani yakiwa ya miaka tofauti.

Muhtasari wa mambo ya kukagua

(a) Ukubwa na fahirisi ya mzigo vilingane na kibandiko cha mlango, au fahirisi izidi.
(b) Tairi lisiwe na neno STUDLESS.
(c) Herufi ya kushika barabara yenye maji iwe A au AA, au daraja la juu la kibandiko cha Ulaya.
(d) Tarakimu 4 za tarehe zisomwe kabla ya kulipa.
(e) Upepo upimwe angalau mara 1 kwa mwezi, asubuhi, matairi yakiwa ya baridi.
(f) Matairi yabadilishwe kabla ya Oktoba au kabla ya Machi, yaani kabla mvua hazijaanza.
(g) Sehemu za jeki zijulikane na kila anayeliendesha gari.

Ukaguzi wote huu huchukua dakika chache na hauhitaji kifaa chochote zaidi ya macho, kipima upepo na kitabu cha gari. Kila dereva anaombwa kuufanya kabla ya fedha kutoka mfukoni au katika fungu la ofisi.