Injini Ikitetemeka Gari Limesimama: Mambo ya Kupima Kabla ya Kugeuza Distribyuta

Magari ya kabureta hayajaisha Migori na Homa Bay. Pikapu za Peugeot 504 na Toyota za zamani bado hubeba samaki, mahindi na abiria wa soko. Nyingi zina ugonjwa mmoja: mguu ukiondolewa kwenye mafuta, injini hutetemeka, humisi, kisha huzima. Fundi mwenye haraka hulegeza distribyuta na kuigeuza mpaka mlio utulie. Mlio hutulia kweli, lakini ugonjwa hubaki, na timingi iliyokuwa sawa sasa imeharibika.

Jambo la kwanza kuangaliwa ni mipira ya hewa, na hasa ule mnene unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye sava ya breki. Ukipasuka, hewa ya ziada huingia kwenye injini na kuifanya itetemeke. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba sava hukosa nguvu na pedeli ya breki huwa ngumu. Dereva anayeshuka kutoka Rongo kuelekea Homa Bay na mzigo hapaswi kuligundua hilo mteremkoni. Kipimo ni rahisi: injini ikiwa imezimwa, pedeli ikanyagwe mara kadhaa, ishikiliwe chini, kisha injini iwashwe. Pedeli inapaswa kuzama kidogo. Isipozama, gari lisiende popote kabla mpira na sava havijakaguliwa. Kwenye maungio ya manifoldi, maji yanyunyizwe kidogo kidogo. Mlio ukibadilika, hapo ndipo hewa inapoingilia. Wanaonyunyiza petroli kwa kazi hiyo wanatafuta moto.

Kinachofuata ni plagi na nyaya zake. Kwenye gari la kontakti, fundi huchomoa waya mmoja mmoja kwa koleo yenye mpini wa mpira, injini ikiwaka. Waya ukichomolewa bila mlio kubadilika, silinda hiyo haifanyi kazi. Kwenye magari ya elektroniki njia hii inaweza kuunguza koili, hivyo isitumike. Kazi hizi zote zifanyiwe nje, kwa kuwa moshi wa injini huua ndani ya chumba kilichofungwa.

Timingi huja mwisho, na hata hapo pengo la kontakti hutangulia. Magari mengi ya aina hii hutaka karibu milimita 0.4, ila kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Pengo likipanuliwa, kontakti hufunguka mapema na timingi husogea mbele. Ndiyo maana anayeanza na timingi hulazimika kuirudia.

Asiye na taa ya timingi anaweza kutumia balbu ya volti 12. Waya mmoja wa balbu huwekwa kwenye koili, upande wa waya unaokwenda kwenye distribyuta, na mwingine kwenye bodi. Swichi ikifunguliwa bila kupiga stata, injini huzungushwa polepole kwa spana, kufuata upande inaozungukia siku zote. Silinda namba moja ikikaribia juu katika kukandamiza, balbu inapaswa kuwaka pale pale alama zinapokutana. Kwenye 504, namba moja iko upande wa giaboksi, si wa radieta. Hapo ndipo mafundi waliozoea Toyota hupotea.

Gari likijaribiwa mlimani na kutoa mlio kama misumari ndani ya kopo, timingi imezidi mbele. Likikosa nguvu na kuchemka, huenda imerudi nyuma mno. Alama zikiwa sawa na mlio wa misumari ukaendelea, petroli yenyewe ishukiwe. Mafuta ya taa huchanganywa na petroli, na tozo ya shilingi 18 kwa lita iliyowekwa mwaka wa 2018 ilikusudiwa kuzuia biashara hiyo. Mwenye gari atunze risiti ya kituo na apeleke malalamiko kwa EPRA, mamlaka inayosimamia ubora wa mafuta vituoni.

Wenye Probox hawahusiki na kazi ya kugeuza. Injini yake haina distribyuta; kila silinda ina koili yake, na kompyuta ndiyo inayopanga timingi. Fundi anayedai malipo ya “kuseti timingi” ya cheche kwenye gari hilo aombwe kwanza aonyeshe ni nini atakachogeuza.